Vidole Kumi vya Mama Atuganile

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kwa kusema "sijui". Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimetoka Pangani kwa basi siku mbili, miguu imevimba, nikaripoti ofisi ya wilaya Kyela na barua yangu ya ajira ndani ya bahasha ya kaki. Karani Mkuu, mzee mnyamavu mwenye kaunda suti iliyonyooshwa kwa pasi hadi kwenye kola, alinionyesha kiti. Hata sijakikalia vizuri, mkulima mmoja kutoka Mwaya akasimama dirishani akauliza barua yake kuhusu mpaka wa shamba imefikia wapi. Nikamjibu, "Sijui baba, ngoja niulize." Karani Mkuu akanivuta pembeni.

"Binti," alisema, "hapa hakuna anayesema sijui. Ukisema hujui, kosa ni lako. Sema jalada halijaonekana. Jalada likiwa halijaonekana, hakuna mwenye kosa."

Nikarudi dirishani nikasema jalada halijaonekana. Yule mzee akainamisha kichwa, akaniambia "ndaga, juba", yaani ahsante mama, mimi niliyekuwa rika la wajukuu zake, akaenda zake. Lo! Nilibaki nimeduwaa. Lilikuwa pande la mtu, mikono ya kushika ng'ombe pembe, na maneno yangu mawili yamemrudisha Mwaya kwa miguu. Nilijiuliza hayo maneno yamepata wapi nguvu zote hizo, maana mimi mwenyewe sikuwa nazo.

Nawasimulia nyinyi vijana mnaoingia ofisini sasa, mnaotumia kompyuta tangu asubuhi, kwa sababu nimefanya kazi ya kuandika watu kwa miaka thelathini na minane na mshangao wa siku ile haujanitoka. Mtanisamehe kama nasema sana. Sisi watu wa Pangani tunapenda maneno, na mume wangu, Mnyakyusa wa Busale, anasema aliponioa aliolewa na redio.

Nilianzia masjala. Masjala ni chumba cha majalada, na jalada ndilo lilikuwa mtu. Kila shauri lilikuwa na jalada lake, kila karatasi ndani ya jalada ilikuwa na namba yake tuliyoiita folio, na afisa akitaka kumwambia mwenzake neno hakumwendea, alimwandikia dokezo humo humo, hata kama meza zao zimegusana. Jalada lilitoka kwa Afisa Ardhi likaenda kwa Afisa Tarafa, likapanda kwa Katibu Tawala, likashuka. Mwenye shauri amekaa nje kwenye benchi kutwa nzima. Shauri lake linapita mbele ya macho yake kwapani mwa tarishi, halimjui, naye halijui. Nilipata kumuuliza Karani Mkuu kwa nini tusimwite tu ndani tumuulize anachotaka. Alinitazama kwa huruma kabisa. "Kila kitu kimo kwenye jalada," alisema. "Ukimuuliza atasema mengine."

Baada ya miaka saba nikahamishiwa Kasumulu, mpakani na Malawi, kuandika wasafiri. Nako niliona maajabu. Mto Songwe ukifurika huhama njia, kwa hiyo kuna watu walilala wana shamba Tanzania wakaamka shamba liko ng'ambo, na wengine kinyume chake. Fomu ilikuwa na swali, umezaliwa nchi gani. Mama mmoja mwenye tenga la ndizi akaninyooshea kidole majini. "Nimezaliwa pale, mto ulipo sasa." Nikampelekea fomu Afisa Mfawidhi, yaani mkuu wetu pale kituoni. Alisoma, akasema, "Fomu haina sehemu ya pale." Basi mama wa watu akachaguliwa nchi. Nilimchagulia mimi, kwa kalamu ya wino wa bluu, naye akanishukuru.

Sikuwa mtu mbaya. Nataka mjue hilo, maana ndiyo sababu ya kusimulia haya. Niliamkiana na watu kwa lugha yao, "mugonile", nilijifunza mapema. Wazee niliwapa kiti. Sikuwahi kumzungusha mtu kwa makusudi. Kama ningekuwa mkorofi habari hii ingekuwa rahisi kusimulia.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu ndipo zikaja mashine. Nilipelekwa kwenye timu ya kusajili vitambulisho, mimi nikiwa mtu mzima kuliko wote, na mkuu wetu, Afisa Msajili, kijana mpole mwenye shahada, akanifundisha bila kunidharau. Kazi ilikuwa hivi. Mwananchi anakuja na barua ya mtendaji wa kijiji, unaingiza majina yake kwenye kishikwambi, unampiga picha, halafu anaweka vidole juu ya kioo cha skana. Kidole kikisomeka taa inawaka kijani. Kisiposomeka inawaka nyekundu. Siku ya mafunzo niliweka kidole changu mwenyewe, na picha yake ikatokea kwenye skrini imekuwa kubwa kama sinia. Jamani! Vijia vingi vimezunguka, vimepishana bila kugusana, na mkuu akasema duniani hakuna mwingine mwenye kidole kama hiki. Nilisisimka mwili mzima. Niliwaza kwamba sasa hakuna tena jalada kutoonekana, maana kila mtu anatembea na jalada lake mkononi.

Wakati huo huo ikatoka amri kwamba kila laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho na alama za vidole, isiyosajiliwa itafungwa. Watu walijaa vituoni kama mnada. Nikapangiwa kituo cha Matema, kwenye ofisi ya mtendaji, ufukweni mwa ziwa.

Siku ya tatu akaja Mama Atuganile. Alitoka Ikombe, kijiji cha wafinyanzi chini ya milima, kwa mtumbwi, amevaa nguo zake za kanisani na kitambaa kichwani. Alinizidi umri kwa miaka kumi na kitu, mwembamba, amenyooka, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona kama watu wanavyonong'ona ofisini. Nilimwelekeza aweke vidole vinne vya kulia, abonyeze, atulie. Nyekundu. Nikafuta kioo. Nyekundu. Nikampa kitambaa chenye maji ajifute. Nyekundu tena, kulia na kushoto, dole gumba hadi kidole cha mwisho.

"Mashine yako haioni," aliniambia.

"Inaona, mama. Vidole vyako ndivyo havisomeki."

"Vina nini?"

Nikaushika mkono wake nikautazama. Kweli kabisa, ncha za vidole zilikuwa laini kama ganda la yai. Wanawake wa Ikombe hawatumii gurudumu. Wanaukanda udongo na kuuzungusha kwa mikono, wanausugua kwa vidole na kijiwe mpaka chungu king'ae, na yeye alikuwa ameanza kabla hajavunja ungo. Miaka sitini ya udongo ilikuwa imevila vile vijia vyote, ameviacha kwenye vyungu vya watu kuanzia hapo mpaka Mbeya. Nilistaajabu. Mkono hodari kuliko yote niliyowahi kushika, na mashine inasema hakuna kitu hapa.

"Mwanangu," alisema, "mimi kitambulisho sina haja nacho sana. Ni laini. Wakifunga laini, Ambakisye atanipata wapi?"

Ambakisye alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na kila alipopata nafasi alipiga kwa simu ya kuazima, leo namba hii, kesho nyingine. Ukiipiga hiyo namba unapata mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo mama hakuwa na njia ya kumtafuta mtoto, mtoto ndiye aliyekuwa na njia ya kumtafuta mama, na njia hiyo ilikuwa namba moja tu aliyoishika kichwani. Tangu apige mara ya mwisho ulikuwa umepita zaidi ya mwaka.

"Atapiga," alisema. "Anakaa kimya halafu anapiga. Ndivyo alivyo."

Tulikuwa tumefundishwa la kufanya kwa vidole vigumu kusomeka. Nikamwambia apumzishe mikono wiki tatu, asishike udongo kabisa, apake mafuta asubuhi na jioni, ngozi ikijirudi aje tena. Alicheka. "Nipumzishe mikono? Mikono yangu haijui hiyo kazi." Lakini alitii. Ulikuwa msimu wa kiangazi, wakati mzuri wa kuchoma vyungu, na Jumamosi tatu nafasi yake sokoni ilikaliwa na mtu mwingine. Alipaka mawese, mafuta yetu ya Kyela, mpaka kitenge chake kikawa chekundu mapajani.

Akarudi. Mikono inang'aa, imelainika kama ya bibi harusi. Akaweka vidole juu ya kioo, akabonyeza huku amefumba macho. Nyekundu. Tulijaribu mpaka foleni ikaanza kuguna. Hakulia wala hakunigombeza. Alivitazama vidole vyake, akaviambia polepole, "Mmenitia aibu."

Siku ya kwanza mtu alituambia mwenyewe kwamba mashine ndiyo haioni, na sisi kwa wiki tatu tumemfundisha kwamba mwenye kasoro ni yeye.

Nikatoka nje nikampigia Afisa Msajili. "Mfumo haukubali, dada," alisema, na alikuwa anasikitika kweli. Nikauliza nani anaweza kuufanya ukubali. Labda mkoani. Nikapiga mkoani. Wakasema hilo ni la makao makuu. Mtu wa makao makuu akaniambia niwaandikie watu wa mfumo.

"Watu wa mfumo ni akina nani?"

"Mama, hata mimi sijawahi kuwaona."

Macho yalinitoka. Nilisimama pale mchangani, ziwa limetulia mbele yangu halina mwisho, nikaona kwamba ile nguvu niliyokuwa naitafuta tangu dirisha la Karani Mkuu haina mtu ndani yake. Afisa Msajili hana, mkoa hauna, makao makuu hawana. Kila mmoja anaogopa, kila mmoja ananyoosha kidole juu, na huko juu mimi sikumwona mtu. Zamani jalada likipotea ungeweza angalau kumtukana karani.

Nikarudi ndani. Sasa sikilizeni nilichofanya. Kwenye kishikwambi, kidole kisiposomeka, ulikuwa unaweza kubonyeza neno "hakipo". Liliwekwa kwa ajili ya watu waliokatika vidole. Ukibonyeza "hakipo" mara kumi, mfumo unaruhusu uendelee kwa picha ya uso peke yake, na hata kwenye laini ya simu mtu wa namna hiyo alisajiliwa kwa picha. Yaani kwa mtu asiye na vidole kulikuwa na njia. Kwa mwenye vidole vilivyochoka na kazi hakukuwa na njia yoyote.

Nilimwambia, "Mama, weka tena, bonyeza, nitazame mimi usoni." Akaweka. Nikabonyeza hakipo, hakipo, hakipo, mara kumi. Kijani.

"Imekubali?" aliuliza.

"Imekubali, mama."

Alipiga vigelegele mpaka mtendaji akachungulia. Foleni nzima ikaitikia. Akawageukia wanawake wenzake, mikono juu, vidole vyote kumi vimetanuliwa, anawaambia, "Mawese! Pakeni mawese, inakubali!" Wiki iliyofuata wakaja akina mama wengine na mikono inachuruzika mafuta, nikawa nafuta kioo kutwa nzima. Wao vyao vilisomeka, alhamdulillahi, walikuwa bado vijana. Na kila mmoja akarudi kwao akasema ni mawese ya Mama Atuganile.

Laini nilimpeleka mwenyewe kwa kijana wa kibanda cha simu. Akaangalia skrini, akaangalia mikono ya mama, akaangalia skrini tena. Nikamkazia jicho. Akampiga picha, akaisajili. Nilifurahi wakati ule. Leo nikikumbuka yule kijana alivyoyaacha macho yake mwenyewe akaifuata skrini, nasisimka.

Na Ambakisye alipiga. Ilikuwa kama miezi minne baadaye. Mama alinifuata Kyela mjini na samaki aina ya mbasa, mkubwa, amemfunga kwenye majani ya mgomba, akanisimulia maneno yote ya mwanawe tangu mwanzo mpaka mwisho, na akarudia tena. "Ndaga fijo, mwanangu. Mashine ilinikubali, na mtoto amenipata." Nilitamani kumwambia. Nikaona, ya nini kumharibia furaha? Samaki yule mume wangu ndiye aliyemfaidi, mimi alinikwama.

Nikastaafu. Waliniaga kwa keki na khanga mbili, Afisa Msajili akasema nimekuwa mama wa ofisi. Nikahamia Busale kwenye mpunga na kakao ya mume wangu, nikajifunza kuamka bila saa. Nilidhani kazi imekwisha.

Mwaka wa pili wa kustaafu, Mama Atuganile akaja nyumbani. Alikuwa ameshikwa mkono na jirani yake, maana macho yalikuwa yameingia ukungu. Hospitali moja ya mkoani walikuwa tayari kumfanyia upasuaji wa mtoto wa jicho, lakini ilibidi kwanza atambuliwe kwa kitambulisho. Mhudumu akaingiza namba, akasema, "Hapa panaonyesha mwenye kitambulisho hana vidole." Mama akaiweka mikono yake mezani. Yule mhudumu, mwenzangu, aliiona. Akasema, "Mama, mfumo unasema huna. Kwa hiyo hiki si chako." Wakakizuia kitambulisho, wakamwambia arudi kwa waliomsajili. Alirudi hospitalini hapo mara tatu, na kila mara alitandaza mikono mezani.

"Kuna mtu ameniandika vibaya," aliniambia, anatazama upande ambao si wangu hasa. "Wewe ulikuwa mkubwa pale. Uliona mashine ilivyonikubali. Twende ukawaambie."

Nilipaswa kusema pale pale, kwenye kibaraza changu, tukiwa wawili na jirani yake. Nikasema, "Twende mama."

Ofisini sikumjua mtu, wenzangu wa zamani walikuwa wamehamishwa. Kijana wa dirishani hakunijua. Nilisema mimi ni mstaafu wa hapa hapa, akaniambia kwa adabu nikae foleni. Basi nikakaa kwenye lile benchi, kwa mara ya kwanza upande wa pili wa dirisha, na mnajua nilihisi nini? Niliogopa. Miaka thelathini na minane nimekula mshahara wa nyumba ile, na sasa nilikuwa napanga sentensi kichwani nisije nikamuudhi kijana wa umri wa mwanangu. Nilistaajabu jinsi ilivyo upesi. Hakuna aliyenitisha. Ni benchi tu na kusubiri.

Tulipofika zamu yetu kijana akafungua taarifa. Alikuwa na heshima, tena mwepesi wa kazi. Akasoma, akaitazama mikono ya mama, akakunja uso.

"Hapa msajili alijaza vidole vyote kumi kwamba havipo."

"Nani huyo?" Mama Atuganile aliuliza. "Nitajie jina lake."

Kijana akashuka na kidole kwenye skrini. "Ameandikwa Mwanaidi."

Mama akageuza uso kunitafuta kwa yale macho yenye ukungu.

"Ni mimi, mama," nilisema. "Mashine haikukubali siku ile. Niliandika huna vidole ili laini isifungwe. Nilikuonea huruma."

"Kwa hiyo mawese hayakufanya kitu."

"Hayakufanya."

"Na mimi nimewaambia Ikombe nzima."

Nilitegemea anigombeze, na ningeshukuru, maana matusi nayajua namna ya kuyapokea. Alivipapasa vidole vyake kimoja kimoja juu ya mapaja, kama anahesabu kama bado vipo.

"Ambakisye alinipigia kwa sababu ya ulichofanya," alisema. "Hilo sitalisahau, ndaga. Lakini ungeniuliza. Ningekubali au ningekataa, sijui. Ungeniuliza tu."

Nililia, sioni haya kuwaambia. Nililia dirishani mbele ya watu. Maisha yangu yote nilijua wakubwa wabaya wapo, wanaozungusha watu na kuwatisha, nami nilijihesabu si mmoja wao. Kumbe mkulima wa Mwaya, yule mama wa Songwe na huyu wa Ikombe, wote watatu walipita mikononi mwangu kwa upole, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza. Upole wangu ulifanya kazi ile ile ya jalada na ya mfumo. Nyinyi mnaoanza kazi, mtakuwa na moyo mzuri, naamini. Mimi pia nilikuwa nao, na angalieni ulichofanya.

Kijana wa dirishani alikohoa. Akasema yapo marekebisho siku hizi, kuna sehemu imeandikwa "sababu nyingine" ambapo msajili anaweza kujaza maelezo na kuambatanisha picha ya mikono, kisha yanakwenda juu kusubiri kibali. Hakuahidi lini. Akaanza kuchapa. Nikamwona ameacha kuchapa katikati, vidole juu ya vitufe, akanitazama mimi, halafu akaniacha akamwinamia mama.

"Bibi, tuandike nini?"

Mama Atuganile hakuamini kama ni yeye anayeulizwa. Jirani yake akamgusa bega. Akakaa sawa.

"Wewe umeandikaje?"

Kijana akamsomea kwa sauti. "Vidole vyote kumi vipo. Vimeharibika kutokana na kazi ya ufinyanzi."

"Havijaharibika," alisema Mama. "Jumamosi iliyopita nimeuza vyungu sita, na macho haya hayaoni. Vinaona vyenyewe. Futa hilo."

"Niandike nini badala yake?"

"Andika vimefanya kazi."

Nilishika ukingo wa dirisha. Nimeingia ofisi za serikali nikiwa binti, nimetoka nikiwa bibi, nimeona watu wakiomba, wakishukuru, wakipiga magoti, na wachache wakitukana. Sikuwahi hata siku moja kuona mwananchi akiiambia ofisi "futa". Kijana alimtazama, akaitazama skrini, akabonyeza, na herufi zikaanza kurudi nyuma moja moja mpaka neno likaisha.